Mabega ya Bi Mize

Nyinyi mnaobaki kikundini mmeniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa, na mkataka khasa niseme juu ya Posa Msibani: kama ni filamu ya kuchekesha kweli, au watu wanaisifu kwa sababu wenzao wanaisifu. La kwanza naliweza. La pili limenishinda tangu siku filamu ilipotoka, na nnavyoandika hivi bado halijanikaa sawa kichwani. Skuli niliiacha mapema, kwa hiyo naandika kama nnavyosema. Mshahara sisemi, na nani alipandishwa cheo sisemi. Hayo waulizeni waliokuwa wakiyataka.

Kazi yangu ilikuwa nguo. Nilifundishwa na fundi Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la ushonaji karibu na Darajani. Siku ya kwanza hakunipa sindano wala mkasi. Alinipa brashi na rundo la makoti na kanzu, akaniambia nifute chaki. "Binti, mtu akiiona chaki atajua nguo haijesha." Nilifuta mpaka vidole vikawa vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga. Msichana mwengine aliyeanza siku moja na mimi alikwenda kunywa maji akapotelea huko huko. Mimi nilibaki, si kwa kupenda, kwa ukaidi.

Mzee Makame alinikuta hapo. Alikuwa ndiye mkubwa wa kikundi chetu, mtu mwembamba, wa mtaa wa Malindi hapa hapa mjini, aliyewahi kubeba mizigo bandarini kabla ya kuingia kwenye michezo ya kuigiza. Alikuja kushonesha kanzu, akanikuta nabishana na fundi Kanji juu ya mkono wa koti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu nitamchukua mimi." Fundi Kanji akamjibu, "Mchukue, lakini hana shukurani huyo." Ndivyo nilivyoingia kazini.

Vyombo vyangu vilikuwa cherehani ya mkono, pasi ya mkaa kwa siku umeme unapokatika, na sanduku la bati lenye karafuu ndani kuzuia wadudu. Mnayaona mambo haya madogo. Haya, nani kati yenu anajua kuizeesha kanzu mpya? Unaichemsha na majani ya chai, unaianika juani, halafu unampa mtu mnene ailalie usiku mmoja. Buibui la mchezoni usilishone kwa kitambaa cha kung'aa, litameremeta kwenye kamera mpaka mvaaji aonekane samaki. Alama kwenye nguo nyeusi weka kwa kipande cha sabuni, ukipiga pasi inapotea. Kwenye nguo nyeupe tumia chaki ya buluu, lakini uifute. Uifute, narudia.

Mzee Makame alikuwa na neno moja la kunichokoza. Tukikaa nyuma ya watazamaji, akinikuta nanyoosha shingo kuangalia kama pindo limeshika, husema, "Salma, wewe unatazama nguo, hutazami watu." Nikimjibu kuwa watu si kazi yangu. Nilishona mchezo mzima wa binti wa sultani, shanga moja moja kwa mkono, macho yakawa yananitoka maji. Mchezo ule leo hakuna anayeukumbuka hata jina. Kinachokumbukwa ni Posa Msibani, iliyoshonwa kwa haraka, na iliyokwenda mrama asubuhi moja tu.

Kwa ambao hamkuwapo, hadithi yake ni hii. Mzee mmoja anatoka Chwaka kuja mjini kumposea mwanawe. Nyumba anaambiwa ipo chochoro ya tatu, yeye anaingia ya pili, na ya pili ina msiba. Anaona watu wamekaa majamvini, anadhani wanamngojea yeye. Basi. Ndiyo yote. Mzee wa Chwaka alichezwa na Haji, mchezaji wetu, mtu mtiifu kupita kiasi. Mzee Makame alikuwa kamwambia asinyamaze, lolote litakalotokea, mpaka asikie neno "kata".

Tulipiga picha nyumbani kwa Mzee Makame mwenyewe, Malindi, chini kabisa. Jeneza tulilichonga kwa mbao za makasha, maana la msikitini haliazimwi kwa mchezo, tukalisimamisha nje ukutani. Mlango tuliuacha wazi, kamera ilitaka mwanga. Mwenyewe Mzee Makame alikaa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, akitoa amri kwa mkono. Na lazima mjue kuwa alikuwa katoka kwenye homa iliyomlaza siku kadha. Barazani kwake hakuonekana.

Aliwaarifu watu wa mtaa. Aliwaambia wanaume, msikitini na penye kahawa: kesho pana mchezo kwangu, mkisikia kilio msishituke. Wanaume wakaitikia. Wanawake wa maghorofani hakuna aliyewaambia. Niliwauliza wanaume wale baadaye, mmoja mmoja, kwa nini hata mkewe hakumwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake kashasema.

Basi wachezaji wetu wakalia, na walilia vizuri. Na mtaa ule, mwanamke akisikia kilio kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa mgonjwa, na jeneza limesimama mlangoni, haulizi. Anazima jiko, anajitanda kanga, anakwenda.

Wa mwanzo kufika alikuwa Bi Kazija. Bi Kazija ni mjane, anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mkabala, ngazi ndefu na magoti mabaya. Kila asubuhi huteremsha kikapu dirishani kwa kamba, na Mzee Makame, aliyekuwa amekaa barazani chini, humtilia mkate, kisha huvuta kamba kumjulisha apandishe. Siku zile za homa kikapu kilining'inia tu mpaka jirani yake, Bi Mize, apite akitie mkate yeye. Na Bi Mize ndiye aliyeingia nyuma yake asubuhi ile. Wakakaa jamvini bega kwa bega.

Mimi nilikuwa pembeni na sindano mdomoni. Nilijua mara moja kuwa hawa si wetu, maana kanga zao sikuzitoa mimi. Nilimtazama Mzee Makame nyuma ya pazia. Akanionyesha kiganja: wacha.

Bi Kazija akalia kilio cha kweli. Haji, kwa kuwa neno "kata" hakulisikia, akaendelea na maneno yake. Akamsogelea, akasema kwa adabu, "Bibi, mimi nimekuja kwa kheri. Nimekuja kuposa."

Bi Kazija akainua uso. "Kuposa? Maiti hajatoka ndani, wewe unaposa? Huna haya, mzee mzima na ndevu hizo?"

"Haya ninayo, bibi, lakini natoka Chwaka."

"Rudi Chwaka!"

"Na mwanangu nimwambie nini?"

"Mwambie babake hana akili!" Kisha akajipiga kifua, akalia neno ambalo mnalijua nyote: "Makame wee! Kikapu changu ntamteremshia nani!"

Bi Mize, pale ubavuni, akajifunika kanga kichwa kizima, mabega yakawa yanamtikisika. Nikasema moyoni, maskini, naye kapata uchungu.

Hapo Mzee Makame akatoka nyuma ya pazia, mikono juu, "Kata, kata, Bi Kazija, mimi huyu!" Bi Kazija akamtazama marehemu wake. Akavua ndara, akaivurumisha. Ndara ikampata Haji sikioni, ambaye hakuwa na kosa lolote, na kanda ikaishia hapo hapo. Ndiyo maana filamu inamalizika na mtu kashika sikio.

Nilimwambia Mzee Makame tuirudie yote. Akakataa. Alimwomba radhi Bi Kazija kwa halua na kahawa, mbele ya watu, na Bi Kazija akamsamehe baada ya kitambo, kikapu kikarudi kuteremka. Lakini filamu hakuitazama. Ilionyeshwa ukumbini, ikaonyeshwa kwenye televisheni, yeye akafunga dirisha. Na Mzee Makame alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, Mungu amrehemu, Bi Kazija alishuka ngazi zile zile, akaingia, na kabla hajakaa alikwenda akafunua pazia kwanza. Hakukuwa na mtu. Ndipo akakaa.

Sasa nyinyi vijana mmeifanya filamu hii kitu kikubwa. Neno lake mnalo kwenye simu, kwenye fulana, nimeliona mpaka nyuma ya vespa. Wajukuu wangu wakinyimwa kitu wanajipiga kifua, "Kikapu changu!" Mnabishana Makame ni nani, maana kwenye hadithi marehemu hana jina. Mmoja wenu alinieleza kuwa Makame ni wakati uliopita. Nikamwambia Makame alikuwa anakaa pale chini, na alikuwa anapenda chai ya tangawizi. Akasema hiyo pia inawezekana.

Mimi nimeitazama mara nyingi, na kila nikiitazama naona makosa. Haji anaingia na kofia ya vito, anakaa na nyengine kabisa, ya kiua. Jua linaingilia mlangoni, kisha linaingilia dirishani. Mtu anakwenda kuposa bila ya tambuu ya kuwatafunisha wenyeji, nani kaona? Na kanzu yake ina mstari wa chaki ya buluu mgongoni, kwa kuwa walininyang'anya mkononi kabla sijaifuta. Mstari mrefu, kutoka bega mpaka kiunoni. Kila wakicheka mimi najua wameuona.

Baada ya mimi kustaafu tu, akaja Zuhura, ambaye ndiye mkubwa wenu sasa.

"Shikamoo Bi Salma."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Umejuaje kama nataka?"

"Umekuja na halua."

Akaniambia wanataka kuionyesha Posa Msibani Ngome Kongwe, mbele ya watu wengi, na Bi Kazija akae mbele, apewe heshima. Lakini hataki kumfanyia jambo kwa siri. Yaliyompata mara ya kwanza yanatosha. Nikamwona ana akili. Tukaenda pamoja, tukapanda ngazi zile.

Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, watoto wakipita chini hapa wananililia kilio changu mwenyewe. Mwaka nenda, mwaka rudi. Unajua najipa moyo kwa kitu gani? Sikulia peke yangu. Mize alilia na mie. Kama ule ulikuwa ujinga, ni ujinga wa watu wawili."

"Hakuna anayekucheka kwa ubaya, bibi."

"Leteni niione. Nikiona ni mimi ninayechekwa, kipande kile mtakikata. Mtakata?"

Zuhura akanitazama, kisha akasema, "Wallahi tutakata."

Tulipofika chini Zuhura akakaa barazani. "Bi Salma, tukikata pale panabaki nini?"

"Panabaki Haji kavaa kanzu, kakaa."

"Basi hapana filamu."

"Umekwishaapa," nikamwambia.

Tukarudi siku ya pili yake baada ya alasiri, Zuhura na kompyuta yake. Bi Kazija alikaa kitako, miwani usoni, kanga imetandwa kama anakwenda mazishini. Haji akaingia. Bi Kazija akauliza huyu ni nani, akaambiwa ndiye yule aliyepigwa ndara, akasema, "Ah, maskini." Akaingia mwenyewe kwenye filamu. Hakutikisika. Alijiangalia kama anamwangalia mtu anayemdai adabu.

Kilipofika kilio, Zuhura akaponyokwa na kicheko. Akauziba mdomo kwa mkono, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Unamcheka nani?" Bi Kazija akamuuliza.

"Si wewe, bibi. Haki ya Mungu si wewe."

"Nani basi?"

"Huyu wa pembeni yako. Watu wote wanamcheka huyu. Wewe unalia kwa dhati, na huyu hapa... mtazame mabega."

Akairudisha nyuma. Tukatazama sote watatu. Mabega ya Bi Mize yakapanda, yakashuka, yakapanda. Halafu, kwa kitambo kidogo sana, kanga ikamteleza usoni, na Bi Mize alikuwa na meno yote nje.

Mimi miaka yote hii nilikuwa nikiitazama ile kanga. Ni ya pindo jekundu, nzuri, na kila mara nilijiuliza aliinunua wapi. Uso wa ndani yake sikuwahi kuuona. Sikujua nikasirike na nani.

Bi Kazija akavua miwani. "Rudisha tena." Zuhura akarudisha. "Tena." Akarudisha. Kisha Bi Kazija akasimama, magoti yakalia, akasema, "Nipelekeni Fumba."

Bi Mize alihamia Fumba kwa mwanawe, kijijini. Zuhura alituendesha kwa gari yake. Nilimwambia Zuhura kwa sauti ya chini kwamba tumefanya vibaya, tumemnyang'anya bibi wa watu kitu chake cha kujifariji. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa hujui?" Nikamjibu sikujua. Akanitazama kwenye kioo kama mtu asiyeamini.

Tulimkuta Bi Mize amekaa ukumbini, anapepeta mchele. Akafurahi kutuona, akaanza, "Karibuni, karibuni! Kazija, magoti yako yamekuleta mpaka huku?"

Bi Kazija akasimama mbele yake. "Mize, ulikuwa ukicheka."

"Lini?"

"Kwa Makame."

Bi Mize akauweka ungo chini polepole. "Kumbe umeiona."

"Nimeiona. Mara tatu."

"Kaa basi."

"Sikai. Niambie."

Bi Mize akajifuta vumbi la mchele mikononi. "Niliona miguu yake. Wewe ulikuwa umeinama unalia, mimi nilikuwa nimeelekea pazia. Pazia lenyewe fupi. Nikaona kidole gumba cha Makame, kile kilichoangukiwa na kasha bandarini, kimepinda kinatazama juu. Nikajua huyu yu hai, kasimama pale, anatusikiliza."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Ushafika kwenye kikapu! Ningekunong'oneza nini, Kazija, nyamaza, maiti kasimama? Kicheko kikanishika, nikajifunika."

"Na baada yake? Miaka yote hii, Mize, nakwambia kila siku, alhamdulillahi hata wewe ulilia. Hukufungua mdomo."

Bi Mize akautazama ungo. "Uliniambia siku ile ile, tunapanda ngazi. Ulikuwa unatetemeka. Ukanishika mkono, ukasema, angalau tulilia sote. Nikasema ndiyo. Nikishasema ndiyo mara moja, ningeitoa vipi? Nikahofu siku ukiiona ile filamu. Nikawa naomba Mungu usiione."

Zuhura alikuwa ameangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba mkononi kama mgeni asiyejua pa kuuweka. Nilikuwa tayari kumshika Bi Kazija tuondoke, au kumzuia mkono, maana macho yake niliyaona yakienda kwenye ndara.

Lakini alikaa. Alikaa pale pale sakafuni, ubavuni mwa Bi Mize, bega kwa bega. Akasema, "Kidole gumba."

"Kimetazama juu," Bi Mize akasema. "Hivi." Akakionyesha kwa dole gumba lake la mkono.

Bi Kazija akaichukua kanga yake akajifunika kichwa kizima. Mabega yakaanza kumtikisika. Yakapanda, yakashuka. Bi Mize akamtazama, kisha naye akajifunika.

Zuhura akaninong'oneza, "Analia au anacheka?"

Nilizitazama zile kanga mbili, mimi niliyefanya kazi ya nguo umri mzima, na nisingeweza kumwambia. Sauti humo ndani ilikuwa haitoki. Tukangoja. Mwisho nikauliza kwa nguvu, maana jambo lilikuwa bado limening'inia, "Bi Kazija, tukate au tusikate?"

Kutoka ndani ya kanga akajibu, "Msikate. Lakini huyu akae karibu yangu siku hiyo, nimwone."

Basi siku ilifika, nanyi wengi mlikuwapo. Ngome Kongwe ilijaa. Bi Kazija na Bi Mize wakakaa mbele, mimi ubavuni mwa Bi Kazija, Zuhura nyuma yetu. Kilio kilipofika, watu wote wakalitoa neno kwa pamoja, kikapu changu ntamteremshia nani, mpaka kunguru wakaruka ukutani. Nilimgeukia Bi Kazija nione linamwingia vipi. Alikuwa ameinama mbele, anakodoa macho kwenye kitambaa cha picha. Akanivuta mkono.

"Salma," akasema kwa sauti ambayo safu tatu ziliisikia, "kanzu ya yule bwana ina chaki mgongoni!"

Niligeuka nyuma, kwa aibu, nione nani mwengine kaiona. Nikaona nyuso zile zote, zimeelekea mbele, midomo wazi, wanawake wameegemeana, hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama kanzu. Hakuna hata mmoja, miaka yote hiyo. Nikaivuta kanga yangu nikajifunika kichwa kizima.

Nikasikia mkono wa Zuhura begani. "Bi Salma? Bi Salma, unalia?"

Nikamwambia atazame mbele.